Sura ya 6: Ndevu Hazisikii Dawa

Mwanamke aliyebadili jinsia akianza kutumia homoni, mwili humwitikia kwa mambo mengi. Ngozi hulainika, mafuta huhamia nyongani na mapajani, matiti huanza kuchomoza, na nywele za kifuani na mgongoni hudhoofika mwezi baada ya mwezi. Ndevu hazimo katika hesabu hiyo. Estrojeni, pamoja na vidonge vya kuzuia testosteroni kama spironolaktoni au saiproteroni, huweza kuzipunguzia kasi na pengine kuzifanya nyembamba kidogo, basi. Mtu anaweza kumeza dawa miaka mitatu na wembe bado uko pale pale juu ya sinki.

Chanzo ni balehe. Kila mtoto ana vinyweleo laini vya malaika mashavuni na kidevuni, wa kike kwa wa kiume. Testosteroni ya balehe huvigeuza vikawa nywele nene, nyeusi, zenye mizizi iliyozama, na vikishageuka havirudi vilikotoka. Kuiondoa testosteroni baadaye ni kumfukuza fundi nyumba ikiwa imeshaezekwa. Sauti nayo iko hivyo hivyo, lakini hiyo nimeieleza katika sura iliyotangulia.

Nalisema hili mwanzoni kwa sababu nawafahamu wadogo zangu wengi, Mombasa, Nairobi na hata huku London ninakoishi, wanaochanga pesa za homoni kwa taabu wakiamini ndevu zitaanguka zenyewe. Wanangoja, na huku miaka inakwenda. Tutaona mbele kidogo kwa nini miaka hiyo ina gharama.

Kinachosumbua hasa ni kivuli. Unaweza kunyoa saa kumi na mbili asubuhi mpaka ngozi inateleza, na bado pakabaki weusi juu ya mdomo na kidevuni, kwa kuwa wembe umekata unywele usawa wa ngozi tu na sehemu iliyozama inaonekana kwa chini. Kuufunika weusi huo kuna ufundi wake. Kwanza unapaka lipstiki ya rangi ya chungwa, au nyekundu inayoelekea chungwa kwa ngozi zetu, unaigongagonga kwa ncha ya kidole hadi ishike. Juu yake faundesheni, kisha poda. Rangi ya chungwa huua ule weusi wenye ubuluu ndani yake. Ikifika saa nane mchana, jasho la Mombasa limeshaifanya kazi yake, nawe unatafuta choo chenye kioo na mlango unaofungika.

Wengine huona bora wazing'oe kwa kibanio, kwa uzi, au kwa ile sukari iliyopikwa na ndimu wanayoijua bibi zetu wa Pwani. Kwa miguu na kwapa sina neno. Kwa ndevu, tena ndevu zetu za kujikunja, ni kujitafutia vidonda. Unywele uliojipinda ukikatika ndani, hurudi kuchimba ngozi ukitaka kutoka, na pale pale pakaota kipele chenye usaha na baadaye baka jeusi. Vipele hivyo vya ndevu wanaume weusi wanavijua vizuri; katika jeshi la Marekani, kwa miaka mingi, ndiyo sababu iliyowafanya wengi wao waandikiwe na daktari ruhusa ya kutonyoa. Na kuna hasara ya pili: unywele uliong'olewa na mzizi wake hauachi kitu cha kupigwa na leza. Anayekusudia kuanza leza huweka kibanio pembeni wiki nne kabla, akabaki na wembe peke yake.

Historia ya kuondoa nywele za usoni ina mabaya mengi kuliko mazuri. Mazuri yalianza mwaka 1875 mjini St. Louis, Marekani. Daktari wa macho aitwaye Charles Michel alikuwa akiwatibu watu ambao kope zao zimegeukia ndani na kukwaruza jicho. Aliingiza sindano nyembamba pembeni mwa kope hadi kwenye mzizi, akapitisha umeme. Kope ile haikuota tena. Hiyo ndiyo elektrolisisi, na mpaka leo ndiyo njia ambayo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inaitambua kuwa inaondoa nywele moja kwa moja. Shida yake ni kwamba sindano huingia penye unywele mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, na uso una maelfu.

Mabaya yalikuja na eksrei. Mwishoni mwa 1896, mwaka mmoja tu tangu mionzi hiyo igunduliwe, Leopold Freund wa Vienna aliitumia kuondoa nywele mgongoni mwa mtoto wa kike, nazo zikaanguka kweli. Katika miaka ya 1920 daktari mmoja wa New York, Albert Geyser, akaifanya biashara. Mashine yake iliyoitwa Tricho iliingia kwenye saluni za Marekani na Kanada, na wanawake wakawa wanaketi mbele yake dakika chache bila kuhisi chochote. Ndevu zilianguka. Miaka ikapita, ngozi ikakunjamana, ikatoa vidonda visivyopona, na wengine wakapata saratani. Muuzaji akitanguliza neno “haiumi”, muulize kwa nini haiumi.

Leza yenyewe iliwaka mara ya kwanza tarehe 16 Mei 1960 huko Malibu, California, pale Theodore Maiman alipoimulika fimbo ya yakuti ya kutengenezwa ikatoa mwali mwekundu wa aina yake. Hakuna aliyekuwa akifikiria ndevu. Fikra iliyoifikisha leza kwenye ngozi zetu ilikomaa mwaka 1983, wakati madaktari Rox Anderson na John Parrish wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston, walipoandika katika jarida la Science kwamba mwanga wa rangi moja, ukipigwa kwa muda mfupi sana, unaweza kuunguza kitu kimoja ndani ya ngozi na kukiacha salama kilicho jirani yake. Sharti ni moja: kitu hicho kiunyonye mwanga huo kuliko jirani zake. Kwenye unywele, kinachonyonya ni melanini, ile rangi yake nyeusi. Mwanga unazama, melanini inaunyonya, unageuka joto, na joto hilo linasambaa hadi kwenye seli zinazootesha unywele na kuzilemaza.

Mwaka 1996 hospitali hiyo hiyo ilitoa matokeo ya kuondoa nywele kwa leza ya yakuti. Waliojitolea walikuwa watu 13. Wote walikuwa na ngozi nyeupe na nywele nyeusi au za kahawia.

Hapa nataka tutulie, kwa sababu mambo yote yanayomhusu msomaji wangu yako katika sentensi hiyo. Leza haijui unywele ni nini, inatafuta weusi. Juu ya ngozi nyeupe, weusi uliopo ni wa unywele tu, na kazi inakuwa rahisi. Juu ya ngozi yangu weusi uko kila mahali, tena ule wa ngozi ndio unaopokea mwanga kwanza kabla ya ule wa unywele ulio chini. Mashine isiyofaa, au nguvu iliyozidi, huunguza ngozi kabla haijaugusa mzizi. Matokeo yake ni malengelenge, kisha mabaka meusi yanayokaa miezi, au mabaka meupe ambayo ni mabaya zaidi kwa kuwa hayafichiki na huenda yasirudi rangi. Nimeona shavu la mwenzetu likiwa na mistari ya vidoa vyeupe vya mviringo, vimepangana sawasawa kama vilivyogongwa kwa mhuri, alama ya mdomo wa mashine.

Hata kipimo chenyewe cha ngozi hakikuanza na sisi. Thomas Fitzpatrick wa Harvard alikitunga mwaka 1975 ili kupanga kiasi cha mwanga wa kutibia soriasisi, na aliwapanga watu weupe kwa jinsi wanavyoungua juani. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, zikapewa namba 5 na 6. Kwa hiyo ukiingia kliniki na kusikia unaambiwa “wewe ni wa tano” au “wa sita”, ndicho kinachozungumzwa. Waswahili wengi tumo humo.

Tofauti za mashine hupimwa kwa nanomita, urefu wa wimbi la mwanga. Leza ya yakuti ni 694, na kwa ngozi nyeusi haifai hata kuijadili. Aleksandraiti ni 755, nzuri sana kwa weupe, hatari kwetu. Dayodi ni kama 800 hadi 810. Mtaalamu mwangalifu anaweza kuitumia kwa ngozi ya kahawia, mimi nisingempa uso wangu. Ya kwetu ni Nd:YAG yenye nanomita 1064. Wimbi lake refu huipita melanini ya juu bila kushughulika nayo sana, likazama hadi kwenye mzizi. Ina ubaya wake pia: kwa kuwa melanini huinyonya kidogo, inahitaji nguvu zaidi, inauma zaidi, na vikao huwa vingi. Kuna mashine zenye taa mbili ndani, 755 na 1064 pamoja, kwa hiyo haitoshi kuambiwa kwamba mashine “ina Nd:YAG”. Uliza ni ipi itakayowashwa juu yako. Zile taa za IPL zinazouzwa hadi madukani kwa matumizi ya nyumbani si leza. Hutoa mawimbi mengi kwa mkupuo, na zile zenye akili zina kihisio kinachokataa kuwaka zikigusa ngozi nyeusi. Zisizokataa ndizo za kuogopa.

Niliwahi kupiga simu kliniki moja Nairobi kwa niaba ya mdogo wangu mmoja.

“Mashine yenu ni ya nanomita ngapi, dada?”

“Ni leza, madam. Ya kisasa kabisa.”

“Naelewa. Nanomita ngapi?”

Kimya kidogo. “Madam, hii inafanya rangi zote.”

Nilimshukuru nikakata. Sisemi kliniki za Nairobi ni mbaya. Siku ile ile nilimpata daktari wa ngozi aliyenijibu “1064” kabla sijamaliza swali, akaendelea kuniuliza mgonjwa anatumia dawa gani. Huyo ndiye wa kumwendea.

Na dawa uziseme zote. Doxycycline, ambayo watu wetu humeza kwa chunusi, kwa maambukizi na hata kujikinga na malaria safarini, huifanya ngozi iungue kwa mwanga kwa urahisi. Vidonge vya chunusi vya isotretinoin vina masharti yake ya kusubiri. Mwenye kawaida ya kutokwa na vidonda vya homa midomoni amwambie mtaalamu mapema, maana joto la leza huviamsha, na huzuiwa kwa dawa.

Halafu mkorogo. Najua hili linatukera kulisikia, lakini wenzetu wengi huutumia, wakidhani uso mweupe ni uso wa kike zaidi. Ndani yake mna haidrokwinoni, mara nyingine zebaki, mara nyingi steroidi kali. Serikali zetu zimeupiga marufuku mara kadhaa. Mwaka 2019 Rwanda ilituma hata polisi kuukusanya madukani. Ngozi iliyochubuliwa na steroidi imekuwa nyembamba, haijitetei, na ikiunguzwa hupona kwa mabaka. Acha mkorogo miezi kadhaa, mwambie mtaalamu ukweli ulikuwa unapaka nini, kisha ndipo mzungumze leza. Akikwambia haina shida, anaitaka pesa yako.

Kliniki nzuri haianzi na uso mzima siku ya kwanza. Huanza na jaribio: mapigo machache mahali pasipoonekana, kwa kawaida chini ya taya karibu na sikio, kisha unarudishwa nyumbani. Kwa ngozi nyeusi subira hiyo iwe ndefu, kwa sababu baka linaweza kujitokeza siku kadhaa baada ya pigo. Mimi nilirudi baada ya wiki mbili, ngozi ikiwa shwari.

Aliyenifanyia alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Tanga, muuguzi kwa fani. Aliposikia lafudhi yangu alibadili lugha hapo hapo.

“Mwanangu, umenyoa lini?”

“Jana usiku, mama.”

“Vizuri. Na usoni umepaka nini?”

“Sijapaka kitu.”

Hilo la kutopaka kitu linasemwa kwa wepesi. Kwa mwanamke wa aina yangu maana yake ni kupanda basi mchana kweupe kivuli kikiwa wazi, mtandio umevutwa hadi puani. Panga kikao cha asubuhi mapema au jioni, na uwe na mtandio. Ni ushauri mdogo, lakini umewasaidia wengi.

Alinisafisha uso kwa pamba yenye maji, akachora kwa kalamu nyeupe: mstari chini ya shavu, mwingine kufuata taya, koo akaligawa vipande vinne ili asirudie mahali pamoja mara mbili. Akanivisha miwani ya chuma inayoziba macho kabisa, naye akavaa ya kwake. Mwanga wa 1064 hauonekani kwa jicho, lakini unafika hadi nyuma ya jicho na kuunguza. Ndiyo sababu hakuna mtaalamu anayejiheshimu atakayekubali kupiga leza kwenye nyusi upande wa jicho au kwenye kope. Bomba la hewa baridi likawekwa shavuni. “Nahesabu tatu,” akasema.

Kwenye shavu ni mchomo mfupi wa moto, unakuja na kuondoka kabla hujaguna. Kwenye koo hivyo hivyo. Kidevuni, ambako nywele zimesongamana, inauma hasa. Juu ya mdomo ni habari nyingine. “Ingiza ulimi kati ya meno na mdomo, ukaze,” aliniambia, kwa kuwa joto linapita hadi kwenye meno na fizi. Machozi yalinitoka yenyewe. Halikuwa suala la ujasiri. Chumba kilijaa harufu ya nywele zilizoungua. Kila baada ya mapigo machache alisimama akaitazama ngozi kwa taa, akasogeza kidole juu yake, akaendelea. Kutazama huko ndiko unakokulipia. Anayepiga mfululizo huku anazungumza na simu, ondoka.

Nilipoondolewa miwani na kupewa kioo, kuzunguka kila tundu la unywele palikuwa na kivimbe kidogo, uso mzima umekuwa na chembechembe. Hiyo ni dalili njema: joto limefika kwenye mzizi. Hupotea baada ya saa chache au siku moja. Malengelenge au wekundu unaozidi kukolea kesho yake si dalili njema; rudi.

Kuhusu krimu za ganzi, zipo na zinasaidia, lakini si za kujipakia ovyo. Mwaka 2007 FDA ilitoa onyo baada ya wanawake wawili vijana kufa: walikuwa wamejipaka krimu kali ya ganzi miguuni na kuifunika kwa plastiki kabla ya kwenda kuondolewa nywele kwa leza. Dawa ilipenya kwa wingi kwenye damu. Eneo la juu ya mdomo na kidevu ni dogo. Paka kidogo, kwa maelekezo ya anayejua, usifunike sehemu kubwa.

Kinachowavunja moyo watu ni wiki mbili zinazofuata. Ndevu zinaonekana kuendelea kuota, na mtu huona ameibiwa. Hazioti. Ni mashina yaliyokufa yanasukumwa nje na ngozi. Siku ya kumi hivi, ukijifuta kwa taulo baada ya kuoga, utaona vidoa vyeusi vimebaki juu ya taulo. Usivivute kwa kibanio, viache vitoke. Kisha utapata siku ambazo hujawahi kuzipata tangu ukiwa na miaka kumi na minne: shavu laini, bila kivuli, bila lipstiki ya chungwa. Kama wiki ya tano hivi nyingine zinaanza kuota, nazo si zile zilizokufa. Nywele huota kwa zamu, na leza huua vizuri zile zilizo katika zamu ya kukua. Zilizokuwa zimelala zinaamka baadaye. Ndiyo maana vikao vya uso hupangwa kila wiki nne hadi sita, na ndiyo maana kukimbilia kila wiki ni kupoteza pesa na kuichosha ngozi. Katikati ya vikao unaruhusiwa kunyoa, na kila asubuhi unapaka mafuta ya kukinga jua. Ngozi nyeusi pia. Jua likiipata ngozi iliyotoka kupigwa, linaacha mabaka.

Matangazo hutaja vikao sita hadi vinane. Matangazo hayo yaliandikwa yakifikiria kwapa na miguu. Ndevu za mtu aliyepitia balehe yote ya kiume, zikitibiwa kwa 1064, mara nyingi huvuka hapo, na baada ya mwaka utarudi kwa marekebisho ya hapa na pale. Nchini Marekani FDA hairuhusu kuitangaza leza kuwa inaondoa nywele kabisa. Inaruhusu kusemwa kwamba inazipunguza kwa kudumu. Mpunguo huo, kwangu mimi, ulitosha kunitoa kwenye vyoo vyenye kioo.

Sasa lile la miaka. Leza inatafuta weusi, kwa hiyo unywele mweupe haiuoni. Wala wa kijivu, wala mwekundu, wala wa dhahabu. Mwanamke anayeanza akiwa na miaka hamsini, ndevu zimechanganyika na mvi, ataondolewa nyeusi na kubaki na nyeupe, na nyeupe hizo zinahitaji sindano, moja moja. Deirdre McCloskey, profesa wa uchumi wa Marekani aliyebadili jinsia akiwa na zaidi ya miaka hamsini, ameueleza mzigo huo wa elektrolisisi katika kitabu chake Crossing cha mwaka 1999, na mtu akikisoma hawezi kuuona ni wa kuchezea. Sindano ina adha ambayo leza haina: lazima uache ndevu ziote siku kadhaa ili mtaalamu aweze kuzishika. Kwa mwanamke anayeishi kama mwanamke, siku hizo ni kifungo cha nyumbani.

England, huduma ya afya ya taifa imekuwa ikiwalipia wagonjwa wa kliniki za jinsia vikao vinane vya uso, vya leza au vya sindano, lakini foleni ya kufika kwenye kliniki hizo ni ya miaka. Mwongozo wa kimataifa wa WPATH, chama cha wataalamu wa afya ya waliobadili jinsia, toleo la 8 la mwaka 2022, unahesabu kuondoa nywele kuwa tiba, si urembo. Wanaokwenda kwenye upasuaji wa sehemu za siri huambiwa na daktari waanze kuondoa nywele za huko miezi mingi kabla, kwa kuwa ngozi ile itageuzwa kuwa ya ndani na nywele zikibaki zitaota humo. Hayo yana sura yake. Kwetu Afrika Mashariki kila mtu anajilipia.

Vipi kuhusu kuonekana? Kenya tuna hukumu ya mwaka 2014, pale Mahakama Kuu ilipoliamuru Baraza la Mitihani libadili jina kwenye cheti cha mwenzetu Audrey Mbugua na kuondoa alama ya jinsia. Hukumu hiyo haikuwafundisha adabu wahudumu wa mapokezi wa kila kliniki. Kwa ndugu zetu walioko Oman, kanuni ya adhabu ya 2018 inamtaja mwanamume anayevaa nguo za kike, kwa hiyo mwenye pasipoti ya kiume asidanganywe na wingi wa kliniki za kina mama za Muscat. Penye usalama kidogo, kumbuka kwamba wanawake wengi waliozaliwa wanawake wana ndevu, hasa wenye PCOS, ile hali ya vifuko kwenye ovari inayovuruga homoni, na mtaalamu wa leza hukutana nao daima. Hudaiwi kumsimulia maisha yako. Unadaiwa kumwambia dawa unazomeza, homoni zikiwemo, kwa sababu hizo zinamsaidia kupanga kazi.

Ambaye bado hana uhakika na njia yake asianze. Wembe hauharibu kitu, leza haina kurudi.

Mwenye uhakika, mwenye miaka ishirini na kitu na ndevu nyeusi tii, na mwenye pesa ya jambo moja tu mwaka huu zaidi ya homoni zake: aiache wigi dukani, apeleke uso wake kwa daktari wa ngozi mwenye 1064. Na mdogo wangu, wakikuletea ofa ya kulipia vikao kumi kwa mpigo mmoja kwa punguzo, ikatae. Lipa kikao kimoja kimoja, mpaka uone ngozi yako imepokeaje cha kwanza na cha pili.